Meli ya Mjerumani: ijue kabla hujaitia tezo

Mpenzi msomaji, chukulia kwamba wewe ni mchongaji mjini Kitui, ama una kibanda chako kando ya barabara kuu kule Emali. Asubuhi moja anakujia mteja. Hataki twiga, hataki kifaru, wala hana haja na vijiko vya saladi. Anatoa mkobani picha kuukuu ya chombo cha majini, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu: "Meli ya vita ya Wajerumani." Anataka umchongee mfano wake, urefu wa mkono mmoja hivi, na yuko tayari kukulipa nusu ya fedha papo hapo. Je, utafanyaje?

Aghalabu fundi mwenye njaa huchukua fedha, akatafuta gogo na kuanza kazi. Hapo ndipo hasara huanzia. Wajerumani walikuwa na vyombo vingi vya vita, katika vita viwili vikuu, na hapana chombo kimoja kinachoitwa tu "meli ya Mjerumani". Kuna manowari za baharini, meli za maziwa, mashua ndogo zilizofungwa mzinga, na matishari ya kushushia askari ufuoni. Tena picha nyingi zina maandishi ya uongo au ya kubahatisha. Unaweza kutoa jasho wiki tatu, kisha mteja akafika na kukuambia kwamba umemchongea meli ya Mwingereza, ile ile iliyoiangamiza ya Mjerumani! Fedha iliyobaki hutaiona, na gogo haliwezi kurudi kuwa mti.

Leo basi nataka tuketi pamoja tujifunze namna ya kuvitambua vyombo hivi. Somo hili linamfaa mchongaji, na linamfaa pia mzazi ambaye mtoto wake ameambiwa shuleni atengeneze kifani cha meli.

YATUHUSU NINI SISI?

Najua wapo watakaouliza: watu wa Kitui na Makueni, ambako mito mingi ni mchanga mtupu miezi kadha ya mwaka, wana habari gani na manowari? Wanayo, tena kubwa.

Kwanza, uchongaji wenyewe wa kuuza vinyago unasimuliwa kuwa ulitufikia kwa njia ya vita. Mzee Mutisya wa Munge wa Wamunyu, katika Machakos ya leo, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake. Inasemekana alijifunza kwa mafundi wa Kizaramo huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918. Aliporudi nyumbani aliendeleza kazi hiyo, na toka hapo ikaenea Ukambani kote.

Pili, vijana wengi wa Ukambani walichukuliwa katika vita hivyo wakawe wapagazi wa jeshi la Waingereza, katika kikosi kilichowaachia Wanairobi jina la Kariokor. (Wakati huo Makueni ilikuwa bado ni sehemu ya Machakos, ilipata kuwa wilaya peke yake mwaka 1992.) Katika hesabu ya Waingereza wenyewe, wapagazi na watumishi zaidi ya 40,000 wa kampeni ya Afrika Mashariki waliorodheshwa kuwa walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Kuna nyumba nyingi ambazo babu wa babu aliondoka na mzigo kichwani asirudi, na kaburi lake halijulikani hadi leo.

Tatu, reli ipitayo Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei ilibeba meli kabla ya vita hivyo. Meli za Ziwa Viktoria kama vile Winifred, Sybil na Clement Hill ziliundwa Scotland, zikaletwa Mombasa zikiwa vipande vipande, na vipande hivyo vikapanda gari moshi hadi Kisumu vikaungwe huko. Kwa hivyo meli zilikwisha kupita Makueni, ila zilipita zikiwa juu ya magurudumu.

MAJI NDIYO FUNDI WA KWANZA

Sasa tuingie kazini. Kanuni ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni hii: umbo la chombo huamuliwa na maji yake. Usianze kuuliza meli ina mizinga mingapi. Uliza ilielea wapi. Je, ni bahari kuu, ni mdomo wa mto, ni ziwani, ama ni ufuoni penye maji ya magotini?

Mfano mwema kuliko yote tunao hapa hapa kwetu. Manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg ilikuwa pwani hii vita vilipozuka Agosti 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliivamia meli ya Waingereza Pegasus bandarini Unguja na kuizamisha. Kisha, kwa kuwa ilihitaji matengenezo na Waingereza walikuwa wakiitafuta, ikajificha katika delta ya mto Rufiji, kusini ya Dar es Salaam.

Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 na upana wa mita 13 tu. Ilikuwa nyembamba kama samaki wa mbio, na chini ilizama majini zaidi kidogo ya mita 5. Manowari kubwa za Waingereza zilizama zaidi ya hapo, hivyo hazikuweza kuifuata ndani ya mikoko. Zilibaki nje kama paka mlangoni pa shimo la panya.

Waingereza wakaleta vyombo viwili vya aina nyingine kabisa, Severn na Mersey. Hivi vilikuwa vimeundwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, vikafanye kazi katika mito. Urefu wao ulikuwa mita 81, lakini upana wao ulikaribia mita 15, na vilizama majini chini ya mita 2. Yaani vilikuwa vifupi kuliko Königsberg lakini vipana kuliko yeye, na tumbo lao ni bapa kama sinia. Vikaingia mtoni Julai 1915, huku ndege zikiruka juu kuwaonyesha wapiga mizinga shabaha yao. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha.

Umeona, msomaji? Siri ya vita ile yote imo katika umbo la tumbo la meli. Ukichonga Königsberg yenye tumbo bapa umekwisha kuharibu hadithi, hata kama mizinga yako ni maridadi namna gani.

HESABU MABOMBA YA MOSHI

Kanuni ya pili ni rahisi, hata mtoto ataiweza. Hesabu mabomba ya moshi. Königsberg ilikuwa na mabomba matatu. Severn na Mersey zilikuwa na moja moja. Meli ya ziwani Graf von Götzen, ambayo nitakueleza habari zake sasa hivi, nayo ilikuwa na moja. Kwa hivyo mteja akikuletea picha ya chombo chenye bomba moja na kukwambia ni Königsberg ya Rufiji, mwambie kwa adabu: "Mzee, hebu tuitazame tena."

MTAFUTE MTU PICHANI

Kanuni ya tatu ni ya vipimo. Picha haina rula, lakini mara nyingi ina mtu. Mtafute baharia aliyesimama wima sitahani. Mchukulie kuwa na urefu wa mita 1 na sentimita 70. Sasa chukua kijiti, pima mtu huyo, halafu uone kijiti hicho kinaingia mara ngapi katika urefu wa meli, kutoka omo hadi tezi. Lazima picha iwe imepigwa kutoka ubavuni, na mtu awe katika meli ile ile, si mbele yake gatini.

Katika Königsberg mtu ataingia takriban mara 68. Katika Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71 hivi, ataingia mara 42. Katika mashua ya vita Hedwig von Wissmann, iliyokuwa na mita 20 hivi, ataingia mara 12 tu. Tofauti hizo ni kubwa mno, hata kijiti kikikosea kidogo hutapotea njia.

TAHADHARI NA MAJINA

Kanuni ya nne: usiliamini jina hadi ulijue lilitoka wapi. Vita hubadili majina ya vyombo kama wezi wanavyobadili nambari za magari.

Tazama ile Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa tena na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakaenda kwa reli upande wa Kigoma, na meli ikaungwa upya kando ya Ziwa Tanganyika. Ikaingia majini mwaka 1915, na baadaye ikafungwa mmoja wa mizinga ya Königsberg iliyookolewa Rufiji. Mwaka uliofuata, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wao waliipaka mitambo mafuta mazito isishikwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, Liemba. Kwa miaka mingi baadaye ilibeba abiria na dagaa katika ziwa lile lile. Basi picha ya Liemba na picha ya Götzen ni za meli moja, lakini si umbo moja, kwani katika miaka hiyo ilifanyiwa mabadiliko mengi. Muulize mteja wako: unaitaka ya 1915 au ya baadaye?

Kuna pia akina Wissmann wawili. Hermann von Wissmann alikuwa Ziwa Nyasa, na Waingereza walimshtukia Agosti 1914, hata kabla nahodha wake hajapata habari kwamba kuna vita. Hedwig von Wissmann alikuwa Ziwa Tanganyika, akazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Majina ni ndugu, lakini maziwa ni mbalimbali na vyombo ni mbalimbali.

Mwenzake Hedwig, mashua Kingani, alitekwa na Waingereza siku ya pili ya Krismasi mwaka 1915 akabatizwa Fifi. Waliomteka ni vimashua viwili vya mita 12 kila kimoja, Mimi na Toutou, vilivyosafirishwa kutoka Cape Town kwa reli, kwa kukokotwa porini na kwa mto hadi ziwani. Kwa hivyo ukiona Fifi akipepea bendera ya Mwingereza, ujue mwili ni wa Mjerumani.

Lakini ulaghai mkubwa kuliko wote ni wa Rubens. Hiyo ilikuwa meli ya mizigo ya Waingereza iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Wajerumani waliijaza silaha na makaa, wakaiandika jina la Kidenmarki, Kronborg, wakaituma huku kwetu kuisaidia Königsberg. Aprili 1915 Waingereza waliifumania kaskazini ya Tanga, nayo ikajipandisha katika maji haba ya ghuba ya Manza, ambako Wajerumani waliweza kuokoa sehemu kubwa ya shehena. Meli moja, mataifa matatu! Mchongaji asiyejua hayo ataandika jina gani pale tezini?

NA TISHARI LENYE MLANGO MBELE?

Huenda picha ya mteja ni ya chombo kisichofanana na hivi vyote. Ni kirefu, cha chini, mfano wa sanduku, na mbele, mahali pa gubeti iliyochongoka, pana mlango mpana unaolala chini ukawa daraja. Hapo usihangaike kuitafuta Rufiji wala Kigoma. Hilo ni tishari la kushushia askari na mizigo ufuoni, na ni la Vita vya Pili, vya 1939 hadi 1945. Hayo ya Wajerumani hayakufika maji yetu.

Habari yake ni hivi. Mwaka 1940 Wajerumani walitaka kuvuka bahari kuivamia Uingereza, wakajikuta hawana vyombo vya kushushia jeshi. Wakakusanya matishari ya kawaida ya mitoni yapatayo 2,400, wakayakata pua na kuyatia milango. Uvamizi haukufanyika. Hata hivyo walipata funzo, wakaunda tishari la vita hasa, lililoitwa Marinefährprahm, likaanza kazi mwaka 1941. Lilikuwa na urefu wa mita 47, upana wa mita 6 na nusu, na lilizama majini kiasi cha mita 1 na nusu. Lilitumika Bahari ya Kati, Bahari Nyeusi na Baltiki.

Waingereza na Waamerika nao walikuwa na matishari yenye mlango mbele, na ndiyo maana picha huchanganywa. Tazama katikati. Tishari la Mwingereza la kubebea vifaru kwa kawaida liko wazi kama lori lisilo na turubai. La Mjerumani mara nyingi limefunikwa juu ya ngama, na chumba cha nahodha kiko nyuma. Ukiona chombo ambacho ni matumbo mawili yaliyosimama sambamba na kuungwa kwa sitaha moja pana juu yake, hiyo ni Siebelfähre, kivuko kilichobuniwa na Wajerumani mwaka huo huo wa 1940.

Kanuni ya mwisho ni bendera. Katika vita vya 1914 manowari za Wajerumani zilipeperusha bendera nyeupe yenye msalaba mweusi na tai katikati. Ile alama ya msalaba uliopindwa ncha ni ya Wanazi, nayo ilikuja miaka ya baadaye. Ukiibandika juu ya Königsberg umekosea kwa miaka ishirini na zaidi, na umeibebesha alama ya udhalimu mwingine kabisa. Kwa kifani cha mtoto, heri uiache bendera kuliko kuikosea.

SASA TWENDE KWENYE GOGO

Kipimo chepesi ni sentimita 1 ya mbao kwa kila mita 2 za meli. Kwa kipimo hicho Königsberg itakuwa na sentimita 58 kwa 6 na nusu. Severn itakuwa na 41 kwa 7 na nusu. Graf von Götzen, 36 kwa 5. Na lile tishari la mwaka 1941, 23 na nusu kwa 3 na robo. Kabla hujachonga, kata karatasi za vipimo hivyo uzilaze mezani pamoja. Utaona kwa macho yako mwenyewe kwa nini Severn iliingia mtoni. Chini ya mstari wa maji, Königsberg iachie sentimita 2 na nusu hivi. Severn haifiki hata sentimita 1.

Kuhusu mbao, usiende kuutafuta mpingo wala muhugu. Miti hiyo imekatwa mno na huchukua miaka mingi kukua. Makueni ina miembe, na mwembe uliozeeka ukaacha kuzaa unafaa sana. Jakaranda pia ni nzuri, na mwarobaini vilevile. Muhimu ni kukausha polepole kivulini, ncha za gogo zikiwa zimepakwa nta au rangi, la sivyo meli yako itapasuka ubavu kabla haijamfikia mwenyewe. Mbao ya mwembe itazame sana isiwe na dumuzi.

Nina ombi moja la mwisho. Baada ya Königsberg kuangamia, Wajerumani waliiokoa mizinga yake yote 10, wakaitengeneza Dar es Salaam na kwenda kupigania nayo nchi kavu. Mmoja wapo unaweza kuutazama Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Jinja, Uganda. Chuma kizito namna ile hakikutembea chenyewe. Kilikokotwa na Waafrika kwa kamba na mabega, na upande wa pili wa vita walikuwako wengine, wakiwemo wa Ukambani, wakibeba risasi na unga wa Mwingereza. Picha za meli huonyesha maofisa waliovaa nguo nyeupe, wapagazi hawaonekani.

Kwa hivyo ukimaliza meli yako, chonga na mpagazi umsimamishe katika kibao cha chini, mzigo kichwani. Kwa kipimo chetu atakuwa na milimita 8 na nusu, sawa na punje ya mahindi. Atamwonyesha mtazamaji ukubwa wa meli. Pia mteja atauliza, "Na huyu ni nani?" Utamjibu.

Kwa leo tukomee hapo. Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, tutaangalia namna ya kukausha mbao za mwarobaini bila kupasuka. Kwaheri ya kuonana.